Umealikwa Kipaimara, Janoi au Tohara ya Wakurya? Salamu, Bahasha na Mambo ya Kuacha Nyumbani

Mwanza ni mji wa kadi. Ukiishi na watu vizuri, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, mwaka haumaliziki bila kuletewa kadi ya mtoto wa jirani ambaye si wa kabila lako wala si wa dini yako. Harusi hazitupi shida, tumezizoea. Tunapopotea ni kwenye sherehe za mtoto kuvuka umri: kipaimara, janoi ya Wahindu (kuvishwa uzi mtakatifu), tohara ya Wakurya kule Tarime. Kwetu Wasukuma hakukuwa na jando la rika zima kuvushwa pamoja kwa kisu, kwa hiyo wengi wetu tukialikwa huko tunakwenda na adabu za harusi. Tunavaa kiharusi, tunatania kiharusi, tunatunza kiharusi, na wenyeji wanatuvumilia tu.

Ushauri wangu kwa yeyote mwenye kadi mkononi ni kwamba asianze kuwaza bei ya zawadi. Aanze kwa kujua mtoto anavuka nini. Kuna mtoto anayepokea sakramenti, kuna anayevishwa uzi wa kuanza masomo matakatifu, na kuna kijana anayesimama mbele ya kisu huku wanaume wa ukoo wakimtazama usoni. Hizo ni siku tatu tofauti kabisa, na kila moja ina salamu yake, zawadi yake na makatazo yake.

Hatua ya kwanza: soma kadi, kisha mtafute mtu wa ndani

Kadi za huku zinasema mengi kwa maneno machache. Angalia ibada ni wapi na saa ngapi, chakula ni wapi na saa ngapi, rangi ya siku, na kama ni kadi ya mtu mmoja au wawili. Kadi ya watu wawili ni ya watu wawili. Watoto wako wanne na shangazi yao aliyekuja kutembea hawamo, hata kama jirani ni mkarimu kiasi gani.

Saa za kadi zinahitaji ujuzi kidogo. Ukumbini, saa 10 jioni inaweza kuwa saa 12 na hakuna atakayeshangaa. Lakini ibada ya kipaimara inamsubiri askofu, na askofu akifika mnaanza. Janoi nayo hufanyika katika muda ambao kuhani wa Kihindu ameuchagua kuwa wa heri, na muda huo hausogezwi kwa sababu daladala lako lilikwama Buzuruga. Kwa hizo mbili, wahi.

Halafu piga simu. Usimpigie mama wa mtoto, kwa kuwa wiki hiyo kichwa chake kimejaa mchele, mafuta na wageni wa kulala. Mpigie shangazi, msimamizi wa mtoto au mmoja wa wanakamati. Muulize maswali ya moja kwa moja: nivae nini, nisilete nini, zawadi inakabidhiwa kwa nani na wakati gani, nyama amechinja nani, na je, kuna mzee ambaye lazima nimsalimie kabla sijakaa? Swali hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo litakalokupa heshima kuliko bahasha yoyote.

Ulizia pia mchango. Kama kamati ilikupitia na ukatoa mchango, huo umeingia kwenye chakula, viti na muziki. Zawadi ya mtoto ni kitu kingine. Aliyechangia hadaiwi zawadi kubwa, lakini kwenda mikono mitupu kabisa mbele ya mtoto si vizuri. Hata kalamu mbili na daftari gumu zinatosha kuonyesha kwamba ulimkumbuka yeye, si wali wake.

Hatua ya pili: salamu, na nani aanze kusalimiwa

Kanda ya Ziwa salamu si mlango wa kupita haraka. Ukifika mahali ukasema "habarini" mara moja kwa wote na kuvuta kiti, umewaambia wenyeji kwamba una haraka na wao. Nenda kwanza kwa wazee. Shikamoo, subiri marahaba, kisha uulize za nyumbani, za kazi, za mvua, za wagonjwa kama wapo. Ndipo useme "hongereni kwa siku ya leo". Wazazi wa mtoto wanafuata, halafu msimamizi au mlezi, na mtoto mwenyewe mwisho.

Kwenye nyumba za Wasukuma, Wakerewe au Wahaya utaona wanawake na wasichana wanakunja magoti wanapowasalimia wakubwa. Mgeni wa kike kutoka kabila jingine halazimiki kupiga goti hadi chini. Kuinama kidogo kunatosha na kunapendeza. Mwanamume akishikana mkono na mzee, mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia. Ukitaka kuwafurahisha wazee wa Kisukuma, sema "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana, na wakikuuliza hali jibu "mhola". Lakini neno moja lililotamkwa sawasawa linatosha. Usijaribu hotuba nzima kwa lugha uliyojifunza kwenye bodaboda ukija.

Mkono nao una mipaka yake. Kwa mwanamke Mwislamu, na kwa mama wa Kihindu wa umri mkubwa, mwanamume asitangulize mkono. Weka mkono kifuani, inamisha kichwa, toa salamu kwa maneno. Yeye akikunyooshea wa kwake, pokea.

Kuhusu utani wa makabila: ni mtamu kwa wanaostahili. Kama huna uhakika kwamba kabila lako na lao ni watani, uache nyumbani. Na hata mkiwa watani, usimtanie mtoto anayesherehekewa. Watanie wajomba zake.

Kipaimara: ndiyo utakayoalikwa zaidi

Kwa Wakatoliki, kipaimara kwa kawaida kinatolewa na askofu, au padri aliyepewa ruhusa. Askofu ana parokia nyingi za kuzungukia, kwa hiyo watoto wa parokia moja wanakipokea kwa pamoja, siku moja. Matokeo yake unayajua kama unaishi Mabatini au Kirumba: Jumapili moja mtaa mzima una maturubai, na wewe una kadi tatu. Tutarudi kwenye hilo.

Kinachotokea kanisani ni hiki. Mtoto amehudhuria mafundisho kwa muda mrefu, amechagua jina la mtakatifu, na ana msimamizi. Anasogea mbele, msimamizi anaweka mkono begani mwake, askofu anampaka mafuta ya krisma kwenye paji la uso. Kwa Mkatoliki, huo ni mhuri unaotolewa mara moja tu maishani. Basi ukiwa Mwislamu, Mlokole au wa dini ya jadi, hutakiwi kufanya chochote zaidi ya kukaa kwa utulivu. Simama wanaposimama, kaa wanapokaa. Kupiga magoti si lazima kwako. Wakati wa komunyo baki kwenye kiti. Usifuate mstari kwa sababu tu jirani zako wote wamesimama. Na kama imani yako haikuruhusu kuingia kanisani, nenda nyumbani mchana. Hakuna Mkatoliki mwenye akili timamu atakayekulaumu.

Salamu utakayoisikia ni "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu lake ni "Milele na milele, amina". Ukitaka kuitumia, itumie. Usipotaka, "hongera sana" inatosha kwa kila mtu, hata kwa askofu mwenyewe, ambaye "Shikamoo, Baba Askofu" haijawahi kumchukiza. Kwa Walutheri wa KKKT kipaimara kipo pia, kinafuata mafundisho ya kama miaka 2, na huko anayekiendesha ni mchungaji. Salamu yao ya kawaida ni "Bwana Yesu asifiwe", unajibu "amina". Usichanganye: kumwambia Mlutheri "Baba Askofu wenu atakuja lini kuwapaka mafuta" ni kumwonyesha kwamba hukuuliza kabla ya kuja.

Mtoto wa kipaimara bado ni mtoto. Atakuamkia yeye, utaitikia marahaba, kisha mwambie hongera na muulize jina jipya alilochagua. Swali hilo dogo hufungua uso wa mtoto kuliko noti, kwa sababu jina alilichagua mwenyewe na watu wachache wanamuuliza.

Zawadi sasa. Wengi hukimbilia Biblia, na hapo kuna kosa la gharama. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73; ile wanayoitumia Waprotestanti wengi ina 66. Jirani wa kanisa la AIC au la Pentekoste akinunua aliyoizoea yeye, mtoto atashukuru, ataiweka kabatini, na kwenye mafundisho ataazima ya mwenzake. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya vitabu. Ukiona Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, hiyo ndiyo. Usipoviona, irudishe. Maduka ya vitabu yaliyo karibu na kanisa yatakusaidia zaidi kuliko muuzaji wa barabarani.

Rozari ni zawadi nzuri, hata ya bei ndogo. Mpe mtoto akapeleke ibarikiwe na padri. Hiyo si kazi yako. Picha au sanamu ndogo ya mtakatifu aliyemchagua inaonyesha kwamba uliuliza. Lakini nikisema ukweli wangu, mtoto wa darasa la 6 au kidato cha kwanza ana shida ya begi, viatu vya shule na kikokotoo kuliko sanamu ya tano. Kama wewe si Mkatoliki na hutaki kushika vitu vya ibada ya wengine, vifaa vya shule ni njia safi kabisa. Mama atakubariki kimoyomoyo.

Fedha inakubalika. Weka noti zisizochakaa kwenye bahasha, andika jina lako na jina la mtoto, kwa sababu bahasha zinafunguliwa usiku na mtu anaandika kwenye daftari. Bahasha isiyo na jina inaleta kazi ya bure ya kubahatisha. Kiasi gani? Toa kile ambacho ukikutana na baba wa mtoto kesho kutwa hutakisikitikia. Elfu 10 ya jirani anayeishi chumba kimoja ni zawadi kamili. Elfu 50 ya kukopa ni mzigo wa watu wawili, wewe na huyo atakayejiona analazimika kuirudisha siku yako.

Usilete pombe kama zawadi ya mtoto, hata kama unajua baba yake anakunywa. Siku nyingine utamnunulia.

Kuhusu kadi tatu kwa siku moja: usijaribu kula nyumba zote. Kanisani uko na wote kwa pamoja, kwa hiyo hapo umeshawaona. Kisha panga: nyumba ya kwanza unakaa na kula, ya pili unasalimia wazee, unakabidhi bahasha na kunywa soda, ya tatu unafika jioni wakati wa muziki. Waambie mapema kila mmoja saa utakayofika. Kinachowaudhi wenyeji si kuchelewa kwako. Wanaudhika wakikuona umekaa kwa jirani tangu saa 7 na kwao umepita ukiwa na mfuko wa chakula mkononi.

Janoi: nyumba ya Kihindu

Wahindu wa Mwanza, wengi wao wenye asili ya Gujarati, wanaishi nasi miaka mingi na Kiswahili chao hakina mkalimani. Bado watu wachache sana kati yetu wanajua kinachofanyika mtoto wao wa kiume anapovishwa uzi. Uzi huo una nyuzi tatu, unavaliwa kutoka bega la kushoto kushuka ubavu wa kulia, na anayevishwa anaanza rasmi maisha ya mwanafunzi wa mambo matakatifu. Zamani ulikuwa wa watoto wadogo wa koo fulani, hasa Wabramini, tabaka la makuhani. Siku hizi wengine huvishwa wakiwa wakubwa, hata karibu na kuoa. Mara nyingi mvulana ananyolewa nywele. Kuna sehemu anaomba sadaka kama mwanafunzi maskini, akianza na mama yake. Usicheke hapo hata kama tajiri wa duka kubwa ndiye baba wa huyo anayeomba. Hiyo ndiyo maana ya tendo lenyewe.

Vua viatu mlangoni. Mkanda na mkoba wa ngozi viache ukiweza. Salamu ni viganja viwili pamoja kifuani na "namaste". Ukisikia wenyeji wanasema "Jai Shri Krishna", unaweza kuwajibu vilevile. Usimguse mtoto uzi, hata kwa kuusifu.

Fedha hapa ina utaratibu wake: kiasi huishia na moja, kama 51 au 101, kwa imani kwamba kilichoongezwa moja hakijafungwa na baraka inaendelea. Shilingi moja hatuitumii tena madukani, kwa hiyo toa 21,000 au 51,000, au weka noti yako na sarafu moja pembeni ndani ya bahasha. Atakayeifungua atatabasamu.

Usilete nyama, usilete kitu cha ngozi, usilete keki bila kuuliza, kwa sababu familia nyingi za namna hii hazili hata yai. Matunda au karanga zilizofungwa vizuri hazina tatizo. Chakula kitakuwa cha mboga na kitatosha. Kula kwa mkono wa kulia, na usiulize nyama iko wapi. Nimeshasikia swali hilo likiulizwa kwa sauti, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

Tohara ya Wakurya: soma hapa kabla ya kupanda basi

Mwaliko wa Tarime unakuja mwishoni mwa mwaka, shule zikifungwa. Rafiki yako wa kazini anakuambia mdogo wake au mwanawe anatahiriwa, twende. Unapanda basi stendi ya Nyamhongolo, mnapita Bunda, mnaelekea Sirari. Kabla ya yote hayo, uliza swali moja: anayesherehekewa ni mvulana au msichana?

Kama ni msichana, usiende. Usitume bahasha, usitume kanga, usitume hata ujumbe wa hongera. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na adhabu yake ni kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Zaidi ya sheria, zawadi ni sehemu ya kinachosukuma jambo hili. Msichana anaona wenzake wanapokea fedha na nguo, familia inaona wageni wanafika, na sherehe inapata heshima. Bahasha yako inahesabiwa humo. Ukijua mtoto anaandaliwa, piga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mkoa wa Mara una nyumba salama zinazopokea wasichana wanaokimbia, Masanga kule Tarime, Mugumu na Butiama. Kwa rafiki yako sema waziwazi: "Ndugu yangu, nitakuja kwa la mvulana. Hili siwezi." Atakasirika, na urafiki utapona au hautapona.

Kama ni mvulana, endelea. Wakurya wana koo nyingi, kama Wanchari, Wakira, Wairegi, Wanyabasi, Watimbaru, na kila ukoo una wazee wa mila wanaotoa ruhusa ya msimu. Usiseme "ninyi Wakurya mnafanya hivi" kwa kuwa uliona kwa ukoo mwingine. Uliza ukoo wa mwenyeji wako na ulishike jina lake.

Mahali pa tohara yenyewe si pa mgeni, isipokuwa umeitwa kwa jina na mwanamume wa familia. Mgeni wa kike hata asiulize. Wewe nafasi yako ni nyumbani na kwenye msafara wa nyimbo. Ukiukuta msafara barabarani ukiwa na gari, simama pembeni, zima honi, subiri wapite. Usijipenyeze katikati na usipige picha kutoka dirishani. Vijana wanakuwa wamepandwa na mori, na siku hiyo si ya kubishana nao.

Salamu hapa inabadilika kwa jambo moja kubwa. Yule uliyemjua kama mtoto, sasa amehesabiwa mwanaume. Usimwite "mtoto" wala "dogo". Mpe mkono kama unavyompa mwanamume, mwambie hongera, basi. Kamwe usimuulize kama aliumia, na usiulize, hata kwa mzaha, kama alilia. Kutotikisika ndiko alikopimwa, na swali lako linasikika kama shaka iliyosemwa mbele ya baba yake. Hata kama alitahiriwa zahanati kwa ganzi, kama wengi wanavyofanya siku hizi, usiseme "aa, kumbe hospitali". Familia iliyochagua usalama wa mtoto inastahili hongera ya ukubwa uleule.

Zawadi ya kijana huyu: nguo mpya anayoweza kuivaa akipona, blanketi, viatu, au fedha. Watu humtunza akipita, na noti za elfu moja na elfu mbili ndizo zinazofaa, kwa sababu utatunza zaidi ya mara moja. Ukiwa mtu wa karibu sana, mbuzi au kondoo anapokelewa kwa furaha, lakini huyo mwafikiane kwanza na baba. Mnyama aliyefika bila taarifa anahitaji kamba, maji na mtu wa kumlinda. Wapo wageni wanaopeleka samaki kutoka Mwanza, sato au sangara wa kukaushwa. Nawaunga mkono kabisa: mpe mama mwenye nyumba, ana midomo mingi ya kulisha.

Mwaliko kutoka mbali

Kuna wengine mtaalikwa na rafiki mliyefanya naye kazi hospitali ya Bugando au kwenye mradi fulani, Myahudi aliyerudi kwao, na mwanawe anafanya bar mitzva. Mvulana hufikia hapo akiwa na miaka 13, msichana 12 au 13 kulingana na jumuiya, na kazi ya siku ni kusoma Torati mbele ya watu. Mara nyingi ni Jumamosi, siku ya Sabato. Kwa familia inayoishika Sabato kikamilifu, tangu jua la Ijumaa lizame hadi Jumamosi usiku hakuna simu, hakuna fedha, hakuna kuandika. Ujumbe wako wa WhatsApp utume Alhamisi au Jumapili, useme "Mazel tov" na maneno yako mwenyewe ya Kiswahili, ambayo watayapenda zaidi. Ukihudhuria ana kwa ana, mwanamume hufunika kichwa kwa kofia ndogo inayotolewa mlangoni, na zawadi haiendi sinagogi siku hiyo. Inapelekwa nyumbani siku nyingine. Fedha hutolewa kwa mafungu ya 18, kwa kuwa herufi za neno lao la uhai zinajumlishwa kuwa 18. Kwa hiyo 18,000 au 36,000 inaeleweka.

Kukabidhi, kula, na picha

Mshereheshaji akiita upande wenu kwenda kutoa zawadi, nendeni kwa mstari, mkicheza kidogo. Asiyeweza kucheza atembee tu, hakuna anayetoza faini. Kabidhi kwa mikono miwili au kwa wa kulia. Usitangaze kiasi, na mshereheshaji akianza kusoma kiasi cha watu kwenye kipaza sauti, bahasha yako mpe shangazi kimya kimya. Mimi huo mtindo siupendi. Unamfanya mjane wa jirani aone aibu kwa elfu 5 yake.

Habari ya nyama: kwa Mwislamu, suala la aliyechinja liulizwe kabla ya siku, kwa mtu wa chakula, na kwa sauti ya chini. Familia nyingi za Kikristo huku huita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Kama hawakufanya hivyo, chukua samaki na wali, usianze mjadala kwenye foleni. Nawe Mkristo kwenye khitma ya mtoto aliyemaliza Kurani, au kwenye karamu ya jando ya Waislamu, usiingie na chupa, na ukitaka kununua msahafu kama zawadi, muulize mwalimu wa madrasa akuchagulie. Kanzu na kofia ni rahisi zaidi.

Picha za mtoto wa watu usizitupe mtandaoni kabla wazazi hawajaweka zao. Picha za ibada ndani ya hekalu au sinagogi, na za kijana aliyetoka kutahiriwa, zisipigwe kabisa mpaka uambiwe ruksa.

Ukiondoka, aga kwa wazee ulioanza nao. Usikimbie kimya kwa sababu umeshakula.

Ukikosa siku yenyewe

Nenda ndani ya wiki. Usilete hadithi ndefu ya foleni ya barabarani wala ya mgonjwa. Sema "sikuweza kufika, nimekuja kuwapa hongera", kaa robo saa, kunywa chai. Beba kilo mbili za sukari kwa mama na bahasha ya mtoto tofauti, kwa jina lake. Kwa Wakurya chagua muda ambao kijana ameshapona na anatoka nje. Kwa Wahindu pigia simu kwanza. Na kama ilikuwa kipaimara, muulize tena lile jina jipya, kisha uliandike kwenye simu yako mbele yake ili mwakani usimwite la zamani.